Besi Milia: Samaki Anayemalizwa na Wanaompenda

Mwezi wa Juni, bandari ya Montauk kwenye ncha ya mashariki ya Long Island huamka kabla ya jua. Injini za boti za kukodi zinanguruma gatini, baharia anakagua mikunga hai ndani ya pipa la maji, na abiria wanapanda mmoja mmoja wakiwa na makoti ya mvua na vikapu vya chakula. Wengi ni watu wa New York na vitongoji vyake: fundi bomba, mwalimu, mhasibu, baba na mwanawe. Wakipata kitoweo watashukuru, lakini hawakuja kutafuta riziki. Wamelipa ili wavue, na wanamtaka samaki mmoja tu. Watu wa kaskazini humwita "striper", watu wa Maryland na Virginia humwita "rockfish", na wanasayansi humwita Morone saxatilis. Kiswahili hakina jina lake kwa kuwa hayumo katika bahari yetu. Humu nitamwita besi milia, kwa ile mistari saba au minane myeusi iliyolala ubavuni mwake kutoka mashavuni hadi mkiani.

Besi milia aliwahi kukaribia kuangamia, akaokolewa, na sasa anapungua tena. Mara ya kwanza lawama ziliangukia nyavu na uchafu wa mito. Safari hii hesabu zinawataja watu wale wale ambao kwa miaka 60 wamesimama mbele kumtetea, yaani wavuvi wa starehe. Imekuwaje, na mzigo wa kumrudisha samaki aubebe nani? Jibu langu sitalificha hadi mwisho. Naona kanuni za kupima urefu wa samaki zimefika ukomo wake, na kilichobaki ni kufunga bahari kwa vipindi, kwa kila mtu, hata kwa yule anayesema yeye huvua na kurudisha.

Tuanze na maisha ya samaki mwenyewe, maana bila hayo ugomvi wote hauna maana. Besi milia huishi baharini na kuzaa mtoni. Majira ya kuchipua, hasa Aprili na Mei, majike huacha chumvi na kupanda mito: Hudson, Delaware, Roanoke, na zaidi ya yote mito inayomwaga maji katika ghuba ya Chesapeake, kama Potomac na Choptank. Chesapeake ndiyo leba kuu. Sehemu kubwa ya besi milia wote wa pwani ya Atlantiki huzaliwa humo. Jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Mayai hayo hayashikamani na jiwe wala jani. Huelea katikati ya maji, na lazima mkondo uyabebe siku mbili tatu hadi yaanguliwe. Mkondo ukiwa hafifu huzama topeni na kufa. Ndiyo maana majira ya baridi kali yenye mvua na theluji nyingi huzaa kizazi kikubwa, na majira yenye joto na ukame huzaa kizazi kidogo.

Tangu 1954 wataalamu wa Maryland wamekuwa wakivuta kokoro dogo kandokando ya mito ya Chesapeake, katika vituo 22, kila kiangazi, na kuhesabu watoto wa mwaka huo. Wastani wa miaka mingi ni kama samaki 11 kwa mvuto mmoja. Mwaka 1996 walipata 59, idadi ambayo haijafikiwa tena. Mwaka 2011 walipata zaidi ya 34. Mwaka 2023 walipata mmoja.

Jike haanzi kuzaa mapema. Wengine huanza wakiwa na miaka sita, wengine hungoja hadi minane au tisa, na akiachwa anaweza kufikisha miaka 30. Akishataga hurudi baharini na kufuata pwani kwenda kaskazini: New Jersey, Long Island, Rhode Island, Cape Cod, hata Maine. Vuli maji yakianza kupoa hugeuza na kushuka tena hadi Virginia na North Carolina. Safari za wavuvi hufuata mwendo huo huo. Nahodha wa Chesapeake hupata wateja Aprili, wa New Jersey Mei, wa Cape Cod Julai, na Montauk hujaa watu tena Oktoba, wakati makundi ya samaki yanapopita chini ya mnara wa taa yakifukuza dagaa hadi ufukoni. Wapo pia wasiopanda boti kabisa. Huvaa mavazi ya mpira, huogelea usiku hadi kwenye miamba, na kurusha chambo huku mawimbi yakiwapiga kifuani. Samaki mmoja anaweza kupita mbele ya majimbo kumi kwa mwaka, na kila jimbo likamhesabu kuwa wake.

Mapenzi haya ni ya zamani. Mwaka 1639 koloni la Massachusetts Bay lilikataza besi milia wasifanywe mbolea ya mashamba, na mwaka 1670 koloni la Plymouth lilitenga mapato ya uvuvi, wa besi milia wakiwemo, kugharamia shule ya bure. Uvuvi wa starehe ulipata sura yake mwaka 1864, matajiri wa New York walipoanzisha klabu katika kisiwa cha Cuttyhunk. Walijengewa majukwaa ya mbao juu ya miamba, wakaajiri vijana wa kuwatilia chambo kwenye ndoana, na chambo chenyewe kilikuwa nyama ya kambakoche. Karne ilipogeuka samaki wakapungua na klabu ikafifia. Baada ya Vita Kuu ya Pili starehe hiyo ilishuka kutoka kwa matajiri hadi kwa watu wa kawaida: boti za mbao zenye injini, fimbo za nyuzi za kioo, mishipi ya nailoni. Leo nahodha mwenye leseni ya chini hubeba abiria sita wanaolipa, na boti kubwa za New Jersey hubeba makumi, wamesimama bega kwa bega ukingoni.

Anguko la kwanza lilikuja ghafla. Mwaka 1973 wavuvi wa biashara walitua karibu tani 6,700 za besi milia kutoka pwani ya Atlantiki. Mwaka 1983 walitua chini ya tani 800. Katika Chesapeake samaki walikuwa wakivuliwa wadogo mno, kabla ya kuzaa hata mara moja, na maji ya mito yalikuwa yameharibika. Tume ya Uvuvi wa Bahari ya Majimbo ya Atlantiki, iliyokuwapo tangu 1942, ilikuwa na mpango mzuri kwenye karatasi lakini haikuwa na nguvu ya kulazimisha jimbo lolote. Mwaka 1984 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kumhifadhi besi milia: jimbo litakalokaidi mpango wa tume, serikali kuu inaweza kulifungia uvuvi wake wote wa samaki huyo.

Maryland haikungoja kulazimishwa. Tarehe 1 Januari 1985 ilipiga marufuku kumvua besi milia, kwa nyavu na kwa ndoana, kwa biashara na kwa starehe. Delaware ilifuata, na Virginia ikafunga mwaka 1989. Manahodha wa kukodi waliuza boti au wakageukia samaki wengine. Watu waliozoea kumla besi milia kama sisi tunavyokula changu walikaa miaka mitano bila kumwona sokoni. Tume ilichagua kukilinda kizazi kimoja, cha mwaka 1982, hadi asilimia 95 ya majike wake wawe wamepata nafasi ya kutaga angalau mara moja. Mwaka 1989 kokoro la Maryland likapanda hadi 25, mwaka 1990 uvuvi ukafunguliwa kwa masharti, na mwaka 1995 tume ikatangaza kwamba samaki amerudi. Katika historia ya usimamizi wa uvuvi duniani sijui mifano mingi iliyo safi kama huu. Maji ya serikali kuu, kuanzia maili tatu kutoka pwani kwenda nje, yamebaki yamefungwa kwa besi milia tangu 1990 hadi leo.

Wavuvi wa starehe walikuwa na haki ya kujivunia. Ukitaka kujua nguvu yao, tazama mto Hudson. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya umeme ya Con Edison ilitaka kujenga mtambo wa kupandisha maji katika mlima Storm King, karibu na mazalio ya besi milia. Robert Boyle, mwandishi wa jarida la Sports Illustrated na mvuvi wa mto huo, aliandika mwaka 1965 juu ya besi milia waliokuwa wakifa kwa wingi penye kinu cha nyuklia cha Indian Point. Mwaka uliofuata yeye na wavuvi wenzake waliunda chama cha wavuvi wa Hudson. Hoja ya kwamba mtambo ungenyonya mayai na vifaranga ilisimama mahakamani, na mwaka 1980 kampuni ikaacha mradi. Halafu ikaja Westway, barabara kuu iliyopangwa kujengwa juu ya kifusi kandokando ya Manhattan. Ilibainika kwamba besi milia wachanga hukaa majira ya baridi katikati ya nguzo za magati mabovu ambayo mradi ungeyafukia, na Jaji Thomas Griesa akauzuia. Mwaka 1985 jiji liliachana na mradi, na sehemu kubwa ya fedha zake ikaenda kwenye usafiri wa umma. Anayepanda treni ya chini ya ardhi New York ana deni dogo kwa samaki huyu.

Wavuvi hao walizoea kuona adui akiwa mwingine: mtambo, nyavu, mjenzi wa barabara. Majimbo kadhaa, New Jersey, Connecticut na Maine yakiwemo, yamekataza kabisa kumuuza besi milia aliyevuliwa katika maji yao. Kwingineko wavuvi wa biashara wana mgao wa uzito uliowekwa, na kila samaki hufungwa kibandiko chenye namba. Mgao ukijaa, kazi imekwisha. Upande wa starehe hauna mgao wa aina hiyo. Una idadi kwa mtu kwa siku, una urefu unaoruhusiwa, na una watu kwa mamilioni.

Hata idadi yao ilikosewa kwa muda mrefu. Serikali ilikuwa ikikadiria safari za uvuvi wa starehe kwa kupiga simu za nyumbani, wakati watu wanaacha simu za nyumbani. Ilipohamia kwenye dodoso za posta, makadirio yakapanda sana, na hesabu za miaka ya nyuma zikabidi zirekebishwe. Ndipo tathmini iliyotolewa mwaka 2019 ikasema mambo mawili mazito: besi milia wamepungua kupita kiwango cha usalama, na wanaendelea kuuawa kwa kasi kuliko inavyofaa. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo vinavyosababishwa na uvuvi vilitoka upande wa starehe.

Na katika vifo hivyo, sehemu kubwa ni ya samaki waliorudishwa majini.

Hapa ndipo moyo wa jambo ulipo, nami nataka msomaji akae nalo kidogo. Tume hukadiria kwamba katika kila besi milia 100 wanaoachiliwa, tisa hufa baadaye. Tisa kwa mia ni kiwango kidogo; wavuvi wengi watakuambia kwa dhati kwamba samaki wao aliondoka akipiga mkia. Sasa chukua boti moja yenye abiria sita, siku nzuri ya samaki wengi. Kila mtu anabakiza mmoja, kama kanuni inavyoruhusu, na kila mtu anaachilia kumi. Samaki sita wamekwenda kwenye barafu. Kati ya 60 walioachiliwa, watano au sita watazama bila mtu kuwaona. Boti hiyo imeua karibu mara mbili ya ilichotua, na hakuna aliyevunja sheria. Zidisha kwa boti zote, ufuko wote na miezi yote, utaelewa kwa nini kuna miaka ambayo vifo vya walioachiliwa vimekaribia kulingana na vya walioliwa.

Kiwango hicho si kimoja kila siku. Samaki aliyemeza ndoana hadi tumboni, aliyevutwa muda mrefu, aliyeshikwa juu kwa picha huku matamvua yakikauka, ana nafasi ndogo ya kupona. Joto ni baya zaidi: kiangazi katika Chesapeake maji ya juu yanachemka na ya chini hayana hewa ya kutosha, na samaki aliyechoka hana pa kukimbilia. Kwa sababu hiyo tangu 2021 anayetumia chambo cha nyama lazima atumie ndoana ya duara, ambayo hushika pembe ya mdomo badala ya kuzama kooni, na kwa miaka kadhaa Maryland ilikataza hata kumlenga besi milia kuanzia tarehe 16 hadi 31 Julai. Nikitazama hatua zote za miaka ya karibuni, hiyo ya Julai ndiyo naiona ya ukweli kuliko zote.

Hatua nyingine nyingi zimehusu rula. Mwaka 2020 baharini kuliwekwa dirisha la urefu: mvuvi aweza kubakiza samaki mmoja wa kati ya inchi 28 na 35, yaani sentimita 71 hadi 89, ili majike wakubwa waachwe wazae. Wasomaji wa Kanda ya Ziwa wanalijua wazo hilo. Nchi tatu za Ziwa Victoria zilikubaliana kwamba sangara wa kuvuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85. Ni wazo zuri. Lakini mwaka 2022 kizazi kikubwa cha 2015 kiliingia ndani ya dirisha hilo la Atlantiki, na samaki waliobakizwa wakakaribia kuongezeka maradufu kuliko mwaka uliotangulia. Mei 2023 tume ikachukua hatua ya dharura na kushusha kikomo hadi inchi 31. Mwaka 2024 hilo likawa la kudumu, na katika Chesapeake dirisha likawa inchi 19 hadi 24. Dirisha la inchi tatu humkinga aliyekwisha kulipita. Halimkingi anayeshikwa na kuachiliwa mara nne katika kiangazi kimoja, na kadiri dirisha linavyobanwa ndivyo wanaoachiliwa wanavyozidi.

Manahodha wa kukodi wana malalamiko yao, na si ya kupuuzwa. Mteja anayesafiri saa nne na kulipa fedha nzuri hutaka kurudi na minofu. Wakisikia samaki mmoja kwa mtu, ndani ya dirisha la inchi tatu tu, wengine huahirisha. Maryland ilifuta mwaka 2024 msimu wake wa Mei wa samaki wakubwa, uliokuwa ukilisha boti nyingi baada ya miezi ya baridi bila kazi. Manahodha waliomba dirisha pana zaidi kwa boti zao. Tume ilikataa Januari 2024, na wale wa Chesapeake walioenda mahakamani hawakupata walichotaka. Wana hoja moja yenye nguvu: wao ni sehemu ndogo ya jumla, na samaki wao wanajulikana kwa kuwa huandika taarifa za safari zao, wakati boti binafsi na watu wa ufukoni hukadiriwa tu. Tena baharia mzoefu humtoa samaki ndoana kwa sekunde chache, jambo ambalo mgeni mwenye boti yake hawezi. Hata hivyo nakubaliana na tume. Jike mmoja aliyekufa ni pengo lile lile mtoni, awe ameuawa na boti iliyokodiwa au na kijana juu ya mwamba.

Wapo wanaosema uvuvi si chanzo chenyewe, na wana nusu ya ukweli. Kuanzia 2019 hadi 2025 kokoro la Maryland halikuvuka wastani wa samaki wanne hata mwaka mmoja. Majike waliokuwapo walitaga. Vifaranga ndio hawakunusurika, na majira ya baridi yenye joto na mito yenye maji haba yana sehemu kubwa. Kambare wa buluu, aliyeletwa Virginia miaka ya 1970, amejaa mitoni na anakula kila kinachopita. Ugonjwa wa bakteria unaotoboa ngozi umekuwa katika Chesapeake tangu miaka ya 1990. Chakula kikuu cha besi milia, menhadeni, samaki mdogo mwenye mafuta, huvuliwa kwa wingi viwandani. Lakini hakuna tume inayoweza kuamuru theluji ianguke. Inachoweza kuamuru ni mikono ya watu, na vizazi vinapokuwa vidogo mfululizo, kila jike aliyebaki ana thamani kubwa kuliko alivyokuwa nayo mwaka 1996.

Oktoba 2025 bodi ya tume ilipima pendekezo la kupunguza vifo kwa asilimia 12 na ikaamua kuacha kanuni zilivyo. Wapinzani wa kufunga uvuvi kwa vipindi walikuwa wamesema kwamba askari hawezi kuthibitisha kuwa mtu anamlenga besi milia na si samaki mwingine. Ni kweli ni vigumu. Lakini Julai ya Maryland ilionyesha faida ya kufunga: nahodha hauzi safari ya besi milia siku ambazo ni haramu kumlenga, na mtu wa kawaida akijua kumefungwa hubaki nyumbani. Wavuvi wa pweza wa Kisiwa Panza, Pemba, hufunga miamba yao kwa miezi na kuifungua kwa siku iliyopangwa, nao hawana boti za doria za Marekani. Walicho nacho ni makubaliano kwamba aliyefunga leo hataibiwa na jirani.

Ningependa majimbo yote, kutoka Maine hadi North Carolina, yafunge kumlenga besi milia katika mito na milango ya mito wakati wa kutaga, na tena katika wiki za joto kali, bila kumsamehe anayeachilia. Miezi mingine ibaki wazi, kwa boti na kwa mwamba. Manahodha wauze alfajiri, bahari na samaki mmoja aliyeshikwa vizuri, na siku ya samaki wengi wawe na ujasiri wa kuwaambia abiria wakunje mishipi mapema.

Tume imejiwekea 2029 kuwa mwaka wa kumrudisha besi milia katika kiwango cha usalama. Majike walioanguliwa mwaka 2023, mwaka ule ambao kokoro lilitoa samaki mmoja kwa mvuto, wataanza kupanda mito kutaga mwaka huo huo wa 2029.